Nilikaza vise tatu za lekteri, sauti ya mudogo wangu ikapotea kwenye DVD

Wakuu, hodi humu. Mumusogezee bibi mukubwa kiti, ametoka mbali.

Mimi ni nkambo, ndivyo wajukuu wanavyotuita huku kwetu. Niko Kabambare, kusini ya Maniema, Kongo. Shule yangu iliishia mwaka wa tatu wa primeri, kwa hiyo mukikuta neno limekaa vibaya mulinyooshe wenyewe mupite. Nitakachosema kilinipata mimi, si jirani, si rafiki wa rafiki. Kuna pahali kitaniaibisha na sitaparuka.

Mujukuu wangu Feza ndiye aliniingiza humu. Anatengeneza simu, redio na televizyo pale Kasongo, karibu na soko. Mafundi wa mustari ule wote ni wanaume, yeye peke yake mwanamuke, na foleni ndefu iko kwake. Nitamusifu mara nyingi. Asiyetaka kusikia sifa za mujukuu wangu afungue uzi wake.

Haya.

Niko na mudogo wangu, Mwayuma. Tumbo moja, ziwa moja. Mimi nilipewa mikono, yeye akapewa koo. Mimi nikishika lungo kupepeta mupunga, wanawake wanasimama kutazama. Yeye akifungua kinywa kwenye arusi, hata wapishi wanaacha vyungu vinaungua.

Huku kwetu siku ya kumupeleka bibi arusi, mama mudogo wake ndiye anaongoza nyimbo. Na nyimbo zile si za kubembeleza. Ni za kuchokoza. Anawatukana wakwe, anamutukana bwana arusi, anamutukana hata mama ya bibi arusi, na hakuna ruhusa ya kununa. Akiuliza kwa wimbo, unajibu kwa wimbo.

Nilipomuoza mutoto wangu wa mwisho, Mwayuma aliongoza. Akafika mbele yangu, mukono kiunoni, mbele ya wakwe wote, akaimba:

"Nani alipika wali wa mawe?"

Na wanawake wote wakajibu: "Dada mukubwa!"

Mimi! Mimi ambaye jiwe halijawahi kupita kwenye lungo langu!

Tena: "Nani alivunja jino la mukwe?"

"Dada mukubwa!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi sikujibu. Nilifunga midomo kama mufuko wa chumvi. Na yule mupiga picha tuliyemuleta kutoka Kasongo akarekodi yote, akaweka kwenye DVD, sura yangu imevimba pale kama ugali uliopigwa vibaya.

Kwa miaka, kila sikukuu Mwayuma alikuwa anakuja kwangu: "Yaya, weka ile disiki." Yaya kwetu ni dada mukubwa. Ikifika pahali pa wali wa mawe, mimi nilikuwa naenda jikoni kutazama moto hata kama moto hauko.

Sasa kuhusu lekteri yenyewe.

Lekteri yangu ni ile ya kawaida ya kuweka chini ya televizyo, inasoma CD na DVD, inatumia batri na panosoleri, ile sahani ya umeme wa jua. Mwaka uliopita ilianza kukoroma. Nikaifungua. Mimi nimetengeneza cherehani yangu mwenyewe miaka yote, siogopi vise, zile skrubu, na turunavisi ya kuzifungulia ninayo. Ndani nikakuta mende, familia nzima, na wazee wao. Nikawafukuza, nikapangusa vumbi.

Halafu nikaona pale karibu na reli ambayo lile jicho la kusomea disiki linatembea, kuna vise tatu ndogo sana. Nikazigusa. Zimelegea! Zinachezacheza juu ya springi, na juu yake kuna tone la rangi limekauka.

Wakuu, mwanamuke aliyelelewa na mama yangu akiona vise imelegea anafanya nini? Anaikaza. Nilikaza zote tatu mpaka mwisho, tone la rangi likapasuka, nikafunga kifuniko, nikaweka CD ya kaswida. Ikaimba safi. Nikajipigia makofi.

DVD sikujaribu. Hatukuwa na nyingine isipokuwa ile ya arusi, na ile munajua sababu yangu.

Siku zikapita, sikukuu bado haijafika.

Mwayuma akaanguka shambani akivuna karanga. Tulimukuta amelala juu ya mashina, macho wazi. Upande wa kuume ulikuwa umekufa, mukono na muguu, na mudomo umeinama upande mumoja. Akitaka kusema, kinatoka kitu kimoja tu: "ta, ta, ta."

Mutu wa maneno kama yule. Ta, ta, ta.

Nikamuleta nyumbani kwangu. Enfirmye, muuguzi wa huku kwetu, alikuwa anapita kumutazama. Mimi nilikuwa napiga kelele sikioni kwake, "MWAYUMA! UNATAKA MAJI?" Enfirmye akanikatiza:

"Mama, huyu si kiziwi. Maneno yake yako mazima ndani, njia ya kutokea ndiyo imeziba. Usimupigie kelele, mupe vitu alivyovipenda."

Maana tatizo lilikuwa limeshakuwa kubwa kuliko ulimi. Mwayuma alikuwa amegeukia ukuta. Uji unarudi. Wali unarudi. Kijiko kikifika anafunga meno. Enfirmye alisema wazi, akiendelea hivi hamalizi musimu.

Ndipo nikakumbuka disiki. Nikatandika mukeka mbele ya televizyo, nikamukalisha na mito huku na huku, nikaingiza DVD.

Ikazunguka. Ikahema. Ikazunguka tena. Halafu maandishi: hakuna disiki.

Disiki iko ndani naiona kwa macho, masini inasema hakuna!

Nikaweka CD ya kaswida, ikaimba. Nikarudisha DVD, hakuna disiki. Mara saba. Huku kwetu watu wengi wameshaacha lekteri, wako na flash na kadi ya simu, kwa hiyo hakukuwa na pahali pa kujaribia. Mukwe wa jirani akaja, akaitazama disiki kwenye jua, akasema:

"Mama, masini ni nzima, si unaona CD inaimba? Disiki ndiyo imekufa. Uzee."

Sasa hapa ndipo aibu yangu. Aliposema imekufa, moyo wangu ulisikitika, lakini kipande kidogo, kama punje ya muchele, kilifurahi. Nikasema basi, wali wa mawe umekwisha duniani.

Mungu anisamehe. Nimesema sitaparuka.

Disiki zilizokufa huku tunazitundika kwenye shamba la mupunga. Zinamulika jua, ndege wanakimbia. Mupunga wangu ulikuwa umeanza kushika, ndege wamejaa. Nikakaa barazani nafunga kamba kwenye matundu ya disiki za zamani, na ile ya arusi nikaitia kamba pamoja na wenzake.

Mwayuma alikuwa kwenye mukeka, ameuegemea ukuta. Akageuka, akaona.

Akalia. Si machozi ya kimya. Alitoa sauti kama mbuzi aliyefungwa, "ta ta ta TA TA," na mukono wake muzima ukajivuta mpaka ukashika kamba ile. Akaivuta kutoka kwangu. Nguvu alizitoa wapi sijui, siku nne hakula kitu cha maana.

Nikamwambia: "Achilia, Mwayuma, imekufa."

Akanitazama. Wakuu, mudogo wangu alinitazama kama anajua kabisa ni kwa nini niliamini haraka hivyo kwamba imekufa.

Nilikata kamba. Kesho yake asubuhi nikamuacha Mwayuma kwa binti yake, nikafunga lekteri kwa kikwembe, kile kitenge changu, disiki nikaiweka kifuani, nikapanda pikipiki kwenda Kasongo kwa Feza.

Barabara yetu sitaielezea. Anayeijua anaijua, asiyeijua amushukuru Mungu. Nilipakata lekteri kama mutoto. Motari, mwenye kuendesha, akageuka, akanitazama:

"Mama, mutoto wako mbona iko na pembe nne?"

"Amefanana na baba yake. Tazama mbele."

Madaraja mengine tulishuka, tukavuka kwa muguu, yeye na pikipiki, mimi na mutoto wangu. Nililala njiani kwa watu, nikafika Kasongo siku ya pili na matope mpaka kwenye nyusi.

Feza akaniona mulangoni akaacha simu ya mutu imefunguliwa tumbo.

"Nkambo! Nani amekufa?"

"Disiki. Lakini mudogo wangu hakubali."

Nikamueleza. Akaipangusa disiki kwa kitambaa, kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha kama mimi. Akaiingiza kwenye ordinateri yake, kompyuta ya kazi. Ile nayo ikahema, ikatafuta, ikanyamaza kidogo.

Halafu nikasikia ngoma.

Nikaona uwanja wangu, na wakwe, na Feza mwenyewe akiwa mudogo anacheza pembeni bila kiatu kimoja. Na Mwayuma, mudomo wake umenyooka, mukono kiunoni.

Nikakaa chini.

"Nkambo, disiki ni nzima," Feza akasema. "Mugonjwa ni masini."

"Masini inasoma CD!"

"Ndiyo. CD inasamehe. DVD haisamehe."

Hapa munisikilize vizuri, ndio mafundisho yenyewe, na mimi niliyaelewa, kwa hiyo na nyie mutayaelewa.

Ndani ya lekteri, jicho ni moja, lakini mianga ni miwili, mumoja wa CD na mumoja wa DVD. CD maandishi yake yako mwisho kabisa, chini ya ile karatasi ya juu. DVD maandishi yako katikati ya unene wake, tena ni madogo zaidi na yamebanana. Jicho likiinama vibaya kidogo tu, CD bado inasomeka. DVD inakuwa ukungu.

Nikamuuliza: "Sasa masini inajuaje nimeweka disiki gani?"

"Haijui mpaka itazame. Ukiingiza disiki, jicho linapanda na kushuka, linapima mwanga unavyorudi. Ikishajua, inajipanga. Hii ya ordinateri yangu iko na akili kidogo: inapitisha umeme kwenye nyaya nyembamba zinazobeba jicho, jicho linainama kidogo. CD ina mwinamo wake, DVD ina mwinamo wake. Na disiki ikiwa imepinda, inajaribu kidogo huku, kidogo kule, mpaka isome vizuri."

Nikacheka.

"Unacheka nini, Nkambo?"

"Hilo ni lungo."

"Lungo?"

"Mutoto wa shule wewe! Mupunga ukiupepeta unainamisha lungo mbele, maganda yanakimbia. Karanga ukiziinamisha hivyo hivyo, zote zinabingirika chini, kuku wanakula wanakushukuru. Karanga unalaza lungo, unatikisa tu. Mukono wangu haungoji kuambiwa. Nikichota mara ya kwanza, nikisikia uzito na mulio, unajua wenyewe uiname vipi."

Feza akainamisha kiganja chake, akakilaza tena. Halafu akasema, na ninaandika kama alivyosema: "Nkambo, miaka yote nimejaribu kuwaeleza wateja, sikupata neno kama hilo."

Someni tena mustari huo. Umetoka kwa fundi.

Lakini furaha haikudumu. Akaendelea:

"Ya kwako haina akili hiyo ya kujiinamisha. Kiwandani walitafuta mwinamo mumoja unaofaa DVD, maana CD itasamehe, wakauweka kwa vise tatu za springi, wakatia rangi zisiguswe. Zile hazikazwi mpaka mwisho. Zinakaa nusu makusudi."

Vise tatu. Rangi.

Nikaanza kutazama nje, soko lilivyo, watu wanavyopita.

Feza akafungua lekteri. Akainama na tochi.

"Nkambo. Nani aliifungua hii?"

"Sijui. Pengine panya."

"Panya."

"Kwetu kuna panya wengi."

"Panya iko na turunavisi?"

Fundi wa meza ya pili akacheka mpaka chuma kikamuunguza kidole. Mimi nikasema basi, ni mimi. Nilikuta zimelegea nikazikaza. Na nikasema na lile lingine, kwamba niliposikia disiki imekufa sikutafuta sana, kwa sababu ya wali wa mawe.

Feza hakunicheka kwa hilo la pili. Alisema tu, "Vuta kiti, unishikie tochi."

Kazi ilichukua muchana wote. Kuzilegeza si kazi. Kazi ni kujua ziliishia wapi. Pale rangi ilipopasuka ilikuwa imebaki alama nyembamba kama unywele, akaifuata hiyo kwanza. Halafu anaweka DVD yake nyingine, si ya Mwayuma, anatazama. Picha inakuja vipande vipande kama vigae. Anageuza vise moja, si nusu, si robo, ni kama pumzi. Vigae vinapungua. Nyingine. Vinaongezeka, anarudi. Na hakuridhika iliposoma mwanzo wa disiki. Alipeleka mpaka ukingoni, alisema huko ndiko mwinamo mubaya unakojificha.

Akaweka CD nayo, ikaimba. Akaweka ya Mwayuma, ikaimba.

Mwisho akatoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akapaka tone juu ya kila vise.

"Unapamba masini?"

"Namufungia panya mulango."

Aliniuliza kama anitilie wimbo kwenye simu, ni rahisi. Nikamwambia tia, lakini Mwayuma jicho moja linaona vibaya, anataka televizyo kubwa na mukeka. Na mimi niliyeharibu masini ndiye nitakayeirudisha nzima mbele yake.

Nikarudi. Njia nzima nilikuwa nasema na zile vise: kaeni, kaeni, kaeni.

Nilimukuta Mwayuma amepungua. Binti yake alisema tangu niondoke ni maji tu na vijiko viwili vya uji. Amelala ameangalia ukuta.

Sikuoga. Nikaunga nyaya, nikamugeuza, nikamukalisha. Safari hii nikakaa upande wake wa kushoto, ule muzima, na sikupiga kelele. Nikasema polepole: "Mudogo wangu, mimi ndiye niliiharibu. Si uzee wa disiki. Feza ameitengeneza." Nikaingiza disiki.

Ikazunguka. Ikahema. Mimi nilishika mukono wake, sijui nani alikuwa anamushika mwenzake.

Ngoma.

Mwayuma akainua kichwa. Alijiona pale anacheza, miguu yote miwili. Machozi yakatoka, lakini hakugeukia ukuta. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kidole chake kikaanza kupiga kwenye kiganja changu, kikifuata ngoma.

Ikafika pale. Miguu yangu kwa mazoea ikataka kwenda jikoni. Nikaikalisha.

Kwenye televizyo: "Nani alipika wali wa mawe?"

Na pembeni yangu, kwenye mukeka, sauti ikatoka. Imekwaruzika, imeinama kama mudomo wenyewe, lakini maneno, wakuu. Maneno mazima na tuni yake:

"Nani... alipika... wali wa mawe?"

Binti yake akaangusha kikombe.

Kwenye televizyo wanawake wote wakajibu. Mwayuma hakuwatazama wao. Alinigeukia mimi. Upande ule muzima wa mudomo ukapanda juu. Alikuwa anangoja.

Miaka yote ile nilikuwa na jibu, nikamunyima.

Nikapiga kofi nikaimba, na mimi koo sina: "Dada mukubwa!"

"Nani alivunja jino la mukwe?"

"Dada mukubwa!"

Tuliirudisha pale mara tano. Majirani wakaja mulangoni wakidhani kuna musiba. Jioni nikapika wali, nikaupepeta kwanza punje kwa punje, nikamuletea. Alikula vijiko tisa. Kijiko cha kumi akakitafuna polepole, akaacha kutafuna, akaweka kidole mudomoni kama anayetafuta jiwe. Adui yangu mukubwa.

Sitawadanganya, hajapona. Maneno ya kawaida bado ni ta, ta, ta. Enfirmye anasema kuna watu wanaonyimwa kusema lakini kuimba kunabaki, eti kunapita njia nyingine. Sasa akitaka maji tunamuanzishia kwa wimbo, anamalizia. Lakini anakula, na ukuta ameuacha.

Nimeona wakati naandika wawili wameshasema "weka picha bibi". Picha hakuna. Alikataa kupigwa picha mpaka mudomo unyooke, na mimi siwezi kumushinda.

Nilichojifunza ni kidogo. Kitu kinacholegea si lazima kimeharibika, waliokiweka pengine walikilegeza makusudi. Na kabla hujasema disiki imekufa, tazama kwanza jicho lako limeinama wapi. Langu lilikuwa limeinamia kwenye hasira ya wali.

Sasa nawaachia nyie. Mafundi mulioko humu, kwenye barabara mbaya kama ya kwetu, hiyo rangi ya kucha inatosha kushika vise, ao kuna dawa nyingine? Na kama kuna mutu ana mama ao ndugu aliyenyimwa maneno, aniambie wanamuimbisha nini. Mwayuma amezimaliza za arusi zote, na kila wimbo mupya anaoupata, anatafuta pahali pa kunitukana.